Mtoto atasikia Kifaransa masaa mangapi? Niliyowaambia wazazi pale Nsambya

Haya ni maneno niliyoongea Jumamosi mbele ya wazazi wanaoongea Kiswahili hapa Kampala. Wengi walichelewa sababu ya mvua wakaniomba niyaandike, kwa hiyo nimeyaandika karibu vile vile yalivyotoka mdomoni.

Habari zenu wazazi. Kina mama, kina baba, bibi zetu mlioketi hapa mbele, na nyinyi vijana mnaolea wadogo zenu, asanteni kwa kuja. Najua Jumamosi ndo siku ya kufua na ya soko, alafu mvua hii, kwa hiyo sitazunguka. Nimeombwa niongee juu ya kitu kimoja, una mtoto wa miaka mitatu, minne, mitano, unataka asome shule yenye Kifaransa na Kiingereza pamoja, utaichaguaje. Mimi nafundisha nasari hapa Kampala, nimezaliwa Bukavu kule Kongo, mume wangu ni mtu wa Kasese, tuna watoto watatu, na yule wa kwanza ndo alibeba makosa yangu, nitawaeleza.

Tuanze na pale tulipo. Mtoto wetu anaamka nyumbani anasikia Kiswahili, akitoka nje kucheza anakuta Luganda, akifika shule ni Kiingereza, na sisi tunataka tuongeze Kifaransa hapo hapo. Kuna watu watakuambia unamchanganya mtoto. Mi Bukavu nilikua na Mashi, lugha ya bibi yangu, Kiswahili cha barabarani, Kifaransa cha shule na Lingala ya redioni, na sikumbuki mtu mzima yeyote aliyeona ajabu. Mtoto akisema sentensi moja yenye lugha tatu, "Mama nipe livre ile ya red," yani kitabu kile chekundu, msimpige na msimcheke, anachukua neno lililo karibu na mkono, na likija la lugha yenyewe ataliweka mahali pake. Ila mtoto akifika miaka miwili na nusu na haongei lugha yoyote, si ya nyumbani wala ya nje, mpeleke wakapime masikio na wamuangalie vizuri, usikae unasema ni sababu ya lugha nyingi. Lugha nyingi hazimfanyi mtoto awe bubu. Mi nimeshaona mtoto amepotezewa mwaka mzima kwa hayo maneno, na shida ilikuwa sikio.

Kwa hiyo kichwa kina nafasi. Masaa ndo hayana nafasi, na hapo ndo nataka tukae leo.

2018 tulikuwa tunaishi Makindye. Kulikuwa na shule, sitaitaja jina, ukuta umepakwa rangi nzuri, getini kibao kikubwa kinasema ni shule ya lugha mbili, pembeni wamechora bendera ya Ufaransa na ya Uingereza. Niliona ile bendera moyo ukaruka. Nikamuuliza mkuu wa shule swali moja tu, mnafundisha Kifaransa? Akasema ndio, tena kuanzia bebi klasi, darasa la kwanza la nasari. Nikalipa fizi ya binti yangu wa kwanza siku ile ile, nikanunua yunifomu, nikapeleka na karatasi na tishu na mifagio kama orodha ya shule ilivyosema. Sikuomba kuingia darasani. Sikuuliza ni nani anafundisha. Na mimi ni mwalimu.

Mwaka ulipoisha mama yangu akapiga simu kutoka Bukavu akaomba aongee na mjukuu, alikuwa na furaha sababu nilishamwambia mtoto anasoma Kifaransa. Akamuuliza kitu rahisi kabisa, "Tu as mangé?", yani umekula? Mtoto akasimama wima kama yuko mstarini asubuhi, akajibu "Bonjour, je m'appelle," akataja jina lake, akanyamaza. Mama akarudia polepole. Mtoto naye akarudia vile vile, bonjour, je m'appelle. Alafu akanitazama na macho yamejaa machozi, sababu alijua kuna kitu alitakiwa akijue na hakijui. Mama yangu akageuza haraka, akamuuliza kwa Kiswahili kama wale kuku wetu bado wanataga, wakaendelea, wakacheka. Mi nilitoka nikasimama nje kwenye baraza muda mrefu.

Jumatatu nikaenda shule kuuliza, ndo nikajua. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa Kifaransa, anakuja Jumanne na Alhamisi, kila darasa anapewa nusu saa, wanaimba, wanahesabu mpaka kumi, wanataja rangi, anaondoka kwenda shule nyingine. Simlaumu yule mwalimu, nusu saa na watoto wote wale ungefanya nini. Lakini hebu tuhesabu pamoja. Nusu saa mara mbili ni saa moja kwa wiki. Weka wiki 12 kwa muhula, mihula mitatu, ni masaa 36 kwa mwaka mzima. Sasa chukua shule ambayo kweli inagawa siku nusu kwa nusu, masaa matatu ya Kifaransa kila siku, siku tano, hiyo ni masaa 15 kwa wiki, kwa mwaka ni 540. Yani mwaka mzima wa binti yangu ulikuwa ni kama wiki mbili na nusu za yule mtoto mwingine. Na fizi nililipa ya mwaka.

Ndo maana nawaambia, ukifika shule yoyote usiulize kama wanafundisha Kifaransa. Uliza mtoto wangu atasikia Kifaransa masaa mangapi kwa wiki, na katika hayo masaa atafanya nini. Akijifunza Kifaransa kama somo, ataimba. Akijifunza hesabu kwa Kifaransa, akinawa mikono kwa Kifaransa, akigombania baiskeli na mwenzake na mwalimu anawaamua kwa Kifaransa, hapo ataongea, sababu anakihitaji. Mtoto mdogo hajifunzi lugha sababu ni ya maana kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, anajifunza sababu anataka maji na yule mtu mwenye maji anaongea lugha ile.

Hii kitu haikuanza kwetu. 1965 kule Kanada, mji wa Saint-Lambert karibu na Montreal, wazazi wanaoongea Kiingereza waliona watoto wao wanasoma Kifaransa miaka na miaka na hawawezi kuongea na jirani, wakasukuma mpaka shule ikakubali kufungua darasa la chekechea ambapo mwalimu anaongea Kifaransa tu tangu siku ya kwanza. Watu wakaogopa watoto watapoteza Kiingereza. Watafiti wa chuo kikuu cha McGill, Wallace Lambert na Richard Tucker, wakawafuata wale watoto kwa miaka kadhaa. Mwanzoni walikuwa nyuma kwenye kusoma Kiingereza, alafu Kiingereza kilipoanza kufundishwa darasani wakawafikia wenzao, na Kifaransa walikuwa mbali sana mbele ya wale wanaokisoma kama somo. Lakini kuna kitu kingine kilichoonekana kwa watoto wa namna ile, na wazazi wengi hawaambiwi. Walielewa Kifaransa vizuri sana, ila kukiongea hawakufika pale watoto wa Kifaransa wenyewe walipo, sababu walikisikia kwa mwalimu tu na wao kwa wao walirudi kwenye Kiingereza. Kwa hiyo ukienda kutembelea shule, nenda wakati wa mapumziko. Simama karibu na bembea, sikiliza. Kama watoto wote wanacheza kwa Kiingereza na Luganda, na hakuna ata mtoto mmoja ambaye kwao ni Kifaransa, jua mtoto wako atakuwa na Kifaransa cha darasani. Siyo kibaya, ila ukijue kabla ya kulipa.

Na jambo la pili kutoka kule Kanada, hili ndo lilinigusa mimi kama mama. Huyo Lambert alitenganisha njia mbili za mtoto kupata lugha mpya, moja ya kuongeza na moja ya kupunguza. Wale watoto wa Saint-Lambert Kiingereza chao kilikuwa salama, kiko barabarani, kwenye televisheni, kwa bibi, dukani, Kifaransa kikaja juu yake. Sisi je? Kiswahili cha mtoto wetu Kampala nani anakilinda? Katiba ya Uganda tangu 2005 inakitaja kama lugha rasmi ya pili, 2022 baraza la mawaziri likapitisha kitumike rasmi na kifundishwe mashuleni, vizuri sana, lakini wewe mwenyewe unajua ukienda dukani Kibuye au Kabalagala utanunua sukari kwa Luganda. Kiswahili cha mtoto wako kiko kwenye mdomo wako tu. Ukianza kumwongelesha Kiingereza cha kuokota nyumbani ili "azoee shule," umemwondolea lugha uliyo nayo kamili ukampa lugha ambayo wewe mwenyewe unaitafuta. Kuna baba alikuja kwangu akaniambia kwa fahari mtoto wao haongei tena Kiswahili nyumbani, anaongea Kiingereza tu. Nikamuuliza usiku akiota ndoto mbaya mnamtuliza kwa lugha gani. Akakaa kimya, alafu akasema mkewe anamwimbia kwa Kiswahili. Nikamwambia basi hiyo ndo lugha yake, mrudishieni na mchana.

Sasa kusoma na kuandika, hapa naomba mnivumilie sababu ndo kazi yangu na ndo mahali watoto wanaumia bila mzazi kujua.

Mtoto wa topu klasi, ile ya mwisho ya nasari, anaonyeshwa herufi E. Mwalimu wa Kiingereza anaiita "i". Baada ya chai anakuja mwalimu wa Kifaransa, anaonyesha herufi I, naye anaiita "i". Sauti moja, herufi mbili. Alafu G na J. Kwa Kiingereza G ni "ji" na J ni "jei", kwa Kifaransa ni karibu kinyume, J ndo inakaribia "ji" na G inakaribia "je". Ongeza ch, ambayo kwa Kiingereza inasomwa kama yetu ya chai, na kwa Kifaransa inasomwa kama sh ya shamba. Ongeza na mwandiko, shule za Kifaransa zinapenda mtoto aanze mapema mwandiko wa kuunganisha, kwenye madaftari yale yenye mistari mingi midogo, na huku Kiingereza wanaandika herufi moja moja. Mtoto wa miaka mitano akikutana na vyote hivo ndani ya wiki moja, hatakuambia "mama, mifumo miwili ya herufi imegongana". Atakuambia tumbo linauma, hataki kwenda shule.

Kwa hiyo swali lako la pili shuleni ni hili, mtoto ataanza kusoma kwa lugha gani, na ya pili itaingia lini? Shule iliyofikiri itakujibu palepale, itakuambia tunaanza na hii, tukiona mtoto ameshika, baada ya miezi fulani tunaleta ile. Shule inayosema "zote mbili pamoja, watoto wana akili," omba uone jinsi wanavyofanya, daftari kwa daftari. Kuna shule zinaweza, zina walimu wawili wanaokaa pamoja kupanga, huyu akifundisha sauti hii yule anasubiri. Lakini wakipanga utaona, ipo kwenye karatasi.

Na nyumbani una kitu ambacho shule haina. Kiswahili kinasomeka kama kinavyoandikwa. A ni a, e ni e, popote. Binti yangu wa pili nilimfundisha ba be bi bo bu mezani, jioni baada ya uji, dakika kumi, na kabla mwaka haujaisha alikuwa anasoma majina kwenye mifuko ya unga. Mtaalamu mmoja wa Kanada, Jim Cummins, alieleza kwa muda mrefu kwamba ujuzi wa kusoma unahama, mtoto akishaelewa kwamba alama zinatoa sauti na sauti zinatoa maana, hajifunzi hiyo siri mara ya pili, anaipeleka kwenye lugha nyingine. Mi nimeiona kwa macho. Yule wa pili Kifaransa hakikumsumbua kama kilivyomsumbua dada yake, na mwalimu walikuwa na yule yule.

Huyo Cummins ana jambo jingine la kuwatuliza. Anatenganisha lugha ya kucheza na lugha ya kusomea. Ya kucheza mtoto anaipata ndani ya miaka kama miwili. Ya kusomea, ya kuelewa sayansi na kueleza kwa nini, inachukua miaka mitano mpaka saba. Sasa sisi tunafanya nini, mtoto akimaliza mwaka mmoja hajaongea tunamtoa tunampeleka shule nyingine, mwaka unaofuata tunamrudisha, na kila shule inaanza upya. Wengine miezi ya kwanza wananyamaza kabisa darasani, hawasemi neno, wanasikiliza. Mwachie. Kama anafuata maagizo, anacheka mahali pa kucheka, anacheza na wenzake, lugha inaingia. Ukiamua, amua kwa miaka, na kama bado huna uhakika wa miaka, subiri kwanza.

Tuje kwa walimu, na hapa nitaongea kwa uchungu kidogo. Nimesikia wazazi, tena Wakongo wenzangu, wakiuliza shule kama kuna mzungu wa Kifaransa, na wakiambiwa mwalimu anatoka Bujumbura au Goma wanakunja uso. Hapa Kampala Kifaransa kinafundishwa na watu wa Kongo, Burundi, Rwanda, Kameruni, na Waganda waliokisomea vyuo vya Makerere na Kyambogo, na wengi wao ni walimu kweli kweli. Usiangalie pasipoti. Angalia kama anainama kuongea na mtoto machoni. Angalia kama anashikilia lugha yake, yani mtoto akimwambia kitu kwa Kiingereza yeye anajibu kwa Kifaransa kwa upole, bila kumtafsiria kila neno. Na uliza amekaa pale muda gani, sababu shule inayobadilisha mwalimu wa Kifaransa kila muhula, mtoto anapoteza mtu, na kwa mtoto wa miaka minne lugha ni mtu.

Tofauti zipo na ni vizuri mzijue. Sisi tuliosoma Kongo tunasema septante na nonante, yani sabini na tisini, Ubelgiji wanasema vile vile na ndo walituachia. Ufaransa 70 ni soixante-dix, sitini na kumi, na 97 ni quatre-vingt-dix-sept, ishirini mara nne na kumi na saba. Kaka yangu alimsaidia binti yangu homuwaki akamwambia nonante-sept, kesho yake mwalimu akamsahihisha kwa wekundu, mtoto akarudi amevunjika moyo akidhani mjomba hajui kuhesabu. Tulikaa naye, tukamwambia mjomba yuko sahihi na mwalimu yuko sahihi, watu wa Bukavu wanasema hivi, vitabu vya shule yako vinasema hivi, na Kiswahili tunasema tisini na saba. Alifurahi sana, akaanza kuwauliza wageni wote wanaofika nyumbani wao wanasemaje. Mwambieni mtoto mapema.

Sasa njia ya mbele, sababu mtoto wa miaka minne atafika kumi na mbili. Mfumo wa Uganda mnaujua, bebi klasi, mido, topu, alafu shule ya msingi P1 mpaka P7, na mwisho wa P7 kuna PLE, mtihani wa taifa wa kumaliza msingi. PLE ina mitihani minne, Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii. Kifaransa hakimo. Kwa hiyo shule ya lugha mbili inayofuata mtaala wa Uganda, ikifika P6 na P7, presha ya PLE inakuja na masaa ya Kifaransa yanaanza kuliwa. Sisemi wote, ila uliza waziwazi, P6 na P7 Kifaransa kinabaki masaa mangapi? Akifika sekondari anaweza kukichagua tena kama somo mpaka mtihani wa S4, mwaka wa nne wa sekondari, na katikati pale kuna vipimo vya Kifaransa vya watoto vinavyoitwa DELF, unaweza pia kumpeleka Alliance Française, kituo cha Kifaransa hapa mjini, ili kisife.

Mfumo wa Ufaransa ni njia nyingine. Mtoto anaanza maternelle, yani nasari yao, akiwa na miaka mitatu, anakaa petite section, moyenne, grande, alafu CP, darasa la kwanza la msingi, akiwa na miaka sita, mbele kuna brevet, mtihani wa katikati ya sekondari, na mwisho baccalauréat, mtihani wa kumaliza sekondari. Hapa Kampala shule ya Les Grands Lacs inafuata mtaala huo. Uzuri wake, shule ikiwa imetambuliwa na wizara ya elimu ya Ufaransa, mtoto akihama kwenda shule nyingine iliyotambuliwa, iwe Nairobi au Kigali au Ufaransa kwenyewe, anaendelea bila mtihani wa kuingia, na kwa familia zetu zinazohamahama hiyo ni kitu kikubwa. Ila hakikisha utambulisho unafika mpaka darasa gani, sababu unatolewa kwa ngazi, shule inaweza kuwa nao msingi na haina sekondari. Na jueni kwamba kule kusoma kwenyewe kunafundishwa CP. Mzazi wa Kampala aliyezoea kuona mtoto wa miaka minne anarudi na homuwaki ataona mtoto wa grande section anachora, anakata karatasi, anasimulia hadithi, atadhani analipia mchezo. Hapotezi muda. Wanamjenga sikio na mkono kwanza.

Kalenda pia. Mwaka wa Uganda unaanza karibu na Februari, wa Ufaransa na wa Kongo unaanza Septemba. Ukihamisha mtoto katikati, ama anarudia nusu mwaka ama anaruka nusu. Kwa wale wanaofikiria kurudi Kongo siku moja, hili lipigieni hesabu mapema. Na nyie ambao hamtarudi pia, Kifaransa si cha kurudia tu. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, malori yanapita mpakani Mpondwe kila siku, mtu anayeandika Kiingereza na kuongea Kifaransa na Kiswahili ana kazi pande zote mbili za mpaka. Lakini pia tumeona Rwanda 2008 ilivyohamisha masomo kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, walimu waliozoea miaka yote wakaanza upya. Mambo ya nchi yanageuka. Ndo maana mi siwaambii mchague lugha ya bei kubwa, chagueni lugha ambayo mtoto ana mtu wa kuongea naye.

Kuhusu pesa nitasema machache. Muulize kama fizi imeandikwa kwa shilingi au kwa dola, sababu ya dola inapanda bila kukuuliza. Muulize van, chakula, vitabu, ni juu yenu au juu yao. Kama karo itakufanya ushindwe mwaka wa tatu, chukua shule nzuri ya Kiingereza karibu na nyumbani na utafute mtu wa Kifaransa wa jioni, mama mjane hapo jirani anayekiongea vizuri, mlipe kitu, akae na mtoto wapike naye chapati. Masaa mawili hayo mara tatu kwa wiki yanashinda ile shule yangu ya bendera mara sita.

Na karibu na nyumbani nimesema makusudi. Jam ya Kampala mnaijua. Kuna mtoto nilimfundisha, van ilikuwa inampitia saa kumi na moja alfajiri kwa sababu shule iko upande wa pili wa mji, anafika amelala, saa nne asubuhi analala tena mezani. Ana miaka minne. Somo la Kifaransa lilikuwa saa nne. Wazazi wake walikuwa watu wazuri wanaojinyima, na yale masaa yote waliyoyalipia mtoto aliyalala. Pimeni njia kwanza, siku ya kazi, saa ile ile ya van, siyo Jumapili wakati barabara iko wazi.

Nimalizie habari ya binti yangu, niliwaahidi. 2019 tulimhamisha shule yenye nusu kwa nusu, ndogo, ukuta haujapakwa rangi, mwalimu wa Kifaransa ni mama wa Kirundi mwenye sauti ya chini. Mwaka ule akaanza kuongea. Alafu Machi 2020 shule zikafungwa, hazikufunguka kikamilifu mpaka Januari 2022, na nikaona wenzake wengi wanakipoteza Kifaransa, yani chote, mtoto aliyekuwa anasimulia hadithi anabaki na bonjour. Kwetu tuliamua kitu kimoja. Kila siku saa kumi jioni, tukianza kupika, jikoni ni Kifaransa mpaka chakula kiive. Tukikaa kula tunarudi Kiswahili. Hatukuwa na vitabu, tulikuwa na vitunguu, sufuria, kisu, chumvi, moto, nipe, ngoja, inaungua. Mama yangu alikuwa anapiga simu saa hiyo makusudi, tunaiweka simu juu ya kabati, anaingia kwenye maongezi. Siku moja akauliza tena, "Tu as mangé?" Binti yangu akamjibu bila kugeuka, mikono iko kwenye unga, kwamba bado, sababu mama amechelewa kuweka maharage, na kwamba bibi aje mwenyewe aone.

Haya, naona mikono mitatu imeinuka. Mama mwenye mtoto mgongoni, anza wewe.